Madaftari Mawili



Majuma machache yaliyopita alitujia ofisini kijana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kifundishacho uhasibu. Alitusalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," tukamwitikia, akaketi, akakaa kimya kitambo kirefu akikunja na kukunjua kofia yake. Hakuja kuungama. Alikuja kutaka shauri, na kabla ya kuondoka alituruhusu kuyaandika aliyotuambia, mradi tusimtaje yeye, wala chuo chake, wala duka alimokuwa. Twayaandika kwa sababu twaamini kwamba katika nyumba nyingi za wasomaji wetu yuko kijana, wa kiume au wa kike, ambaye jambo hili limempata, au litampata kabla mwaka haujaisha.

Kijana huyo alikuwa katika mafunzo kwa vitendo, yaani zile wiki ambazo chuo humpeleka mwanafunzi mahali pa kazi ili ajifunze kwa mikono yale aliyoyasikia kwa masikio. Alipokewa katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Juma la kwanza alifurahi sana. Juma la pili mwenye duka alimwita chumba cha nyuma, akamwonyesha madaftari mawili. La kwanza lilikuwa na mauzo yote ya siku: saruji, mabati, nondo, misumari. La pili lilikuwa na theluthi tu ya mauzo hayo, nalo ndilo walilotolewa watu wa kodi walipofika. Akaambiwa, "Wewe una mwandiko mzuri, na hesabu unazijua. Tangu leo kazi yako ni hili la pili." Tena mteja akitaka risiti, aulizwe kwanza kama ataka bei yenye risiti au bei isiyo na risiti.

Mwenye duka huyo ndiye ambaye angetia sahihi fomu ya mafunzo na kumpa alama. Bila alama hizo, kijana hamalizi chuo. Na ada ya mwaka huu mama yake, ambaye ni mjane, aliilipa kwa kuuza sehemu ya shamba la migomba.

"Padre," alituuliza, "nikikataa, nitarudi nyumbani kumwambia mama nini?"

Nasi tulimwuliza, "Je, mwanangu, somo la maadili ya biashara hukufundishwa?"

"Nilifundishwa," akajibu, "tena nilipata A." Kisha akainamisha kichwa, akaongeza neno ambalo hatukulitazamia. "Lakini mtihani ule majibu tulikuwa nayo katika simu tangu usiku wa kuamkia. Karibu chumba kizima."

Hapo tukafahamu kwamba kijana huyu hakuonyeshwa daftari la pili kwa mara ya kwanza pale dukani. Alikuwa nalo tayari. Daftari moja lilikuwa la alama, nalo lilionyeshwa chuo na mama. Jingine lilikuwa la yale ayajuayo kweli, nalo lilifichwa. Hilo ndilo neno letu la leo: uaminifu katika biashara haungoji siku ya kukabidhiwa ufunguo wa kasha la fedha. Wajengwa au wabomolewa katika miaka ya shule, na asiyeshika daftari moja angali mwanafunzi, si rahisi kulishika atakapokuwa mhasibu.

Wasomaji wengi watashangaa kusikia kwamba kitabu cha kwanza kilichopigwa chapa kueleza namna ya kutunza hesabu za biashara, kama vyuo vinavyofundisha hata leo, kiliandikwa na mtawa. Jina lake Luca Pacioli, Mwitalia, wa shirika la Mtakatifu Fransisko. Kitabu chake kilitolewa Venice mwaka 1494. Yeye hakuivumbua njia hiyo. Wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakiitumia zamani. Kazi yake ilikuwa kuipanga na kuieleza ili kila mtu aweze kujifunza. Njia yenyewe ni hii: kila jambo huandikwa mara mbili, upande wa kushoto na upande wa kulia, kwa kuwa kila kilichotoka mahali hakina budi kimeingia mahali. Mwishoni pande mbili zinalingana kama sahani za mizani. Ndiyo maana ile karatasi ya mwisho wa mwaka twaiita mizania.

Mtawa huyo aliwaagiza wafanyabiashara waanze vitabu vyao kwa jina la Mungu. Aidha alikuwa amekwisha kuuona ugonjwa ule ule uliomleta kijana wetu ofisini. Katika kitabu chake alilalamika juu ya wale wawekao vitabu mara mbili, kimoja cha kumwonyesha mnunuzi na kingine cha kumwonyesha muuzaji, kisha wakaapa kwavyo. Miaka mia tano na zaidi imepita. Kalamu ya manyoya imekuwa kompyuta, lakini chumba cha nyuma kingali pale pale.

Angalieni basi tofauti. Kuandika jambo moja mara mbili katika kitabu kimoja ni ukweli unaojichunguza. Kuandika mambo mawili katika vitabu viwili ni uwongo unaojificha. Nabii Amosi, karne nyingi kabla ya Kristo, aliwakemea watu waliongoja kwa hamu sikukuu iishe ili warudi sokoni wakapunguze kipimo, waongeze bei na kuzidanganya mizani. Hakuwakemea kwa sababu ya kuuza nafaka. Kuuza nafaka ni kazi njema, kwa maana watu hula. Aliwakemea kwa sababu mizani yao ilisema neno moja, na haki ya maskini ilisema jingine.

Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya maduka madogo na watu wa elimu haba. Vijana wakisoma sana, yatakwisha." Laiti ingekuwa hivyo! Kule Houston, nchini Marekani, ilikuwako kampuni kubwa ya nishati iliyoitwa Enron. Mwezi Julai mwaka 2000 kampuni hiyo iliwagawia wafanyakazi wake kitabu cha maadili chenye kurasa 64. Ilijivunia maneno manne: heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora. Tarehe 2 Desemba 2001, yaani mwaka mmoja na nusu tu baadaye, iliomba ulinzi wa mahakama kama mufilisi. Madeni makubwa yalikuwa yamefichwa katika vijikampuni vya pembeni, ili mizania ya kampuni kuu ionekane safi. Hayo yalikuwa nini, kama si daftari la pili? Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, na wengi wao walipoteza pia akiba ya uzee, kwa kuwa ilikuwa imewekwa katika hisa za kampuni ile ile.

Waliofanya hayo hawakuwa wajinga. Jeffrey Skilling, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, alikuwa amepata shahada ya uongozi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 24, kikapunguzwa baadaye, akatoka mwaka 2019. Elimu hakuikosa, wala kitabu cha maadili hakukikosa. Kurasa 64 zilikuwako, lakini kurasa haziwezi kukataa. Mtu ndiye awezaye kukataa.

Na wakaguzi wao je? Walikuwa Arthur Andersen, nyumba ya wakaguzi wa hesabu iliyoanzishwa Chicago mwaka 1913. Husimuliwa kwamba mwanzilishi wake, angali kijana na kazi ikiwa changa, alitakiwa na mkuu wa kampuni ya reli azikubali hesabu zisizo sawa. Alijibu kwamba fedha zote za mji wa Chicago hazitoshi kumfanya atie sahihi. Alimpoteza mteja, akapata jina. Lakini jina jema halirithiwi kama shamba. Mwaka 2002 nyumba hiyo, iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 85,000 duniani, ilitiwa hatiani na mahakama kwa kuzuia haki, baada ya karatasi nyingi za Enron kuharibiwa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliitengua hukumu hiyo, lakini ilikuwa kuchelewa. Wateja walikuwa wamekwisha kuondoka, na nyumba imekwisha kuanguka. Mkaguzi huuza kitu kimoja tu, nacho ni kuaminiwa. Kikiisha, duka tupu.

Sasa turudi shuleni, kwa maana ndiko mbegu inakopandwa. Mwaka 2006 Donald McCabe na wenzake wawili walitoa matokeo ya uchunguzi uliowahoji wanafunzi wa shahada za juu zaidi ya 5,000 katika vyuo 32 vya Marekani na Kanada. Katika kila 100 wa biashara, 56 walikiri kwamba waliiba mitihani au kazi za darasani katika mwaka mmoja uliopita. Kwa wanafunzi wa masomo mengine walikuwa 47. Na jambo lililoambatana zaidi na wizi huo twalijua sote: kuamini kwamba wenzetu nao hufanya hivyo.

Hatuandiki haya ili kuwacheka Wamarekani. Kwetu pia tarakimu za namna hiyo zisingetufurahisha. Twajua kazi za utafiti ziandikwazo na mtu mwingine kwa malipo, kisha mwanafunzi hutia jina lake juu. Twajua maswali ya mitihani yatembeayo usiku kutoka simu hata simu. Tena, jambo liumizalo zaidi, twajua wazazi, Wakristo wa kwenda Misa kila Dominika, watoao fedha hizo wenyewe wakisema, "Mradi mtoto apate cheti." Enyi wazazi, cheti hicho mmekinunua, si mtoto aliyekipata. Na mtoto amejifunza somo moja kwa hakika, kwamba nyumbani kwao uwongo una bei, nayo hulipwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kanuni za maadili za wahasibu duniani zataja mambo matano makuu: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu katika kazi, kutunza siri, na mwenendo uistahilio taaluma. Ni kanuni njema, na mwanafunzi yampasa azijue. Lakini atazame kila moja, aone kwamba aweza kuianza leo. Umahiri ni kusoma kweli, si kunakili. Kutopendelea ni kutomwandikia rafiki jina katika orodha ya mahudhurio naye hayupo. Uadilifu ni kurudisha salio la fedha za kikundi, hata likiwa shilingi mia tano. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna mtu aliyeanza kwa kuiba mamilioni.

Sasa wasomaji watataka kujua tulimjibu nini kijana yule. Tulimwambia mambo matatu.

La kwanza, kuandika daftari la uwongo ni dhambi, ajapoamriwa na mkubwa. Amri ya nane yakataza uwongo, amri ya saba yakataza wizi, na kodi iliyofichwa ina mwenyewe. Mwenyewe ni mgonjwa anayeambiwa zahanati haina dawa, na mtoto anayesoma ameketi sakafuni. Mwenye duka aweza kusema kodi ni nzito. Huenda asema kweli, na katika hilo twamhurumia. Lakini sheria yampa njia ya kupinga makadirio anayoyaona si ya haki, naye aifuate njia hiyo mchana, mbele za watu. Zaidi ya hayo, na ajiangalie mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yenye madaftari mawili hupotea upesi zaidi. Amfundishaye karani kuiba kwa ajili yake, amemfundisha pia kumwibia yeye. Na siku atakapotaka mkopo wa benki, daftari lake mwenyewe litashuhudia kwamba yeye ni maskini.

La pili, akatae kwa adabu. Kukataa si kutukana, wala kijana hakuwekwa kuwa hakimu wa mzee wake. Aseme, "Mzee, kazi nyingine yoyote nitaifanya, hata kubeba saruji. Hiyo siwezi, dhamiri yanikataza." Kisha amweleze mapema mwalimu wake anayesimamia mafunzo, ili asibaki peke yake.

La tatu lilikuwa gumu kuliko yote. Tulimwambia kwamba hawezi kulikataa daftari la mwenye duka huku akilishika lake mwenyewe. Ile A hakuipata kwa haki. Zakayo alipomkaribisha Bwana wetu nyumbani mwake hakusema tu, "Nasikitika." Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, kumrudishia mara nne. Kanisa lafundisha hivyo hata leo: msamaha wa Mungu ni bure, lakini mali ya mtu hurudishwa. Alama iliyoibiwa nayo hurudishwa.

Alituangalia kama mtu aliyeagizwa kuvuka mto uliofurika. Akatuaga, akaenda. Hatukujua kama atarudi.

Alirudi. Mwenye duka, alipoambiwa, alicheka, akasema, "Utakufa maskini wewe," akampeleka bohari kuhesabu mifuko. Huko alikaa wiki zilizobaki, akilinganisha leja ya bohari na mzigo uliopo, mfuko kwa mfuko, katika vumbi la saruji. Alipewa alama C. Kwa mwalimu wa maadili alikwenda pia, akajisema mwenyewe bila kuwataja wenzake. A ile imefutwa, naye ataurudia mtihani pamoja na darasa linalofuata. Hivyo atachelewa kumaliza. Wenzake wengine hawamsalimu. Na mama yake, alipoambiwa yote, alinyamaza, kisha akauliza ada ya kurudia mtihani ni kiasi gani.

Hatuwaambii wasomaji kwamba tangu hapo mambo yamemnyokea. Bado hatujui kama atapata kazi. Twalosema ni kwamba kijana huyu sasa ana daftari moja, na aweza kulifungua mbele ya mtu yeyote, saa yoyote. Wako matajiri wasioweza kufanya hivyo.

Lakini tusimtwike kijana peke yake mzigo wa taifa zima. Enyi walimu, mnaofundisha maadili, msiyafundishe kama majina ya kukariri. Mleteeni mwanafunzi lile daftari la pili darasani, mwulize atasema nini, asije akalikutana kwa mara ya kwanza chumba cha nyuma. Na mtihani ulioibiwa ufutwe, hata kama chuo kitaona haya. Enyi waajiri Wakatoliki, mpokeapo mwanafunzi, mmepokea mtoto wa mtu. Mlipeni karani wenu ujira wa kumtosha. Baba Mtakatifu Leo wa XIII alilifundisha jambo hilo tangu mwaka 1891 katika barua yake Rerum Novarum, na kabla yake Mtume Yakobo alionya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake husikika mbinguni. Karani mwenye njaa hujaribiwa mara mbili.

Wala mtu asidhani kwamba Kanisa laichukia biashara. Mwaka 2012 Baraza la Kipapa la Haki na Amani lilitoa maandishi marefu yanayoieleza kazi ya kiongozi wa biashara kuwa ni wito. Ni wito kweli. Mfanyabiashara mwema hulisha nyumba nyingi kuliko yake, na nchi yetu yamhitaji kama imhitajivyo mganga na mwalimu. Kwa hiyo hatuwaambii vijana wetu waikimbie biashara. Twawaambia waingie kwa wingi, waingie na daftari moja.

Mtakatifu Mathayo, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 21 Septemba, ndiye msimamizi wa wahasibu. Bwana wetu hakumkuta hekaluni akisali. Alimkuta forodhani, mezani pake, katikati ya fedha na hesabu, akamwita naye akaondoka. Mkono uliokuwa ukiandika ushuru ukaja kuandika Injili. Tumwombe awasimamie vijana wetu wote waliomo vyuoni, na hasa wale ambao juma hili wataitwa chumba cha nyuma.